Hatua za Baba Nyuma ya Jiko

Jumapili, 23 Februari

Leo mchungaji ametaja ndoa zote mpya za mwaka huu, na alipofika kwa "Ambwene na Yunis" nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Mimi ni mke wa mtu! Kila nikiamka namgusa bega kuhakikisha yupo. Yupo. Anakoroma kidogo, na hata mkoromo wake naupenda.

Niandike vizuri ili nije kusoma nikiwa bibi. Mimi ni mtoto wa ziwani, Ikombe, na mama yangu anafinyanga vyungu. Nilimaliza kidato cha nne. Ambwene ni mwalimu wa baiolojia. Tunaishi hapa Ngonga kwenye uwanja wa wazazi wake: nyumba kubwa ni ya Baba na Mama, yetu ndogo iko pembeni, na jiko langu liko katikati, limeipa mgongo njia ya kwenda kisimani.

Limejengwa hivyo kwa makusudi. Huku mkamwana hamtazami baba mkwe. Simwoni, hanioni, simsemeshi, na jina lake silitaji. Hata humu sitaliandika. Akishika njia hii, mimi nashika ile. Kwetu ziwani mambo haya yamelegea, lakini siku ya kwanza kabisa Mama aliniambia, "Mwanangu, kanisani tunakwenda, na hili pia tunalo." Itakuwa hivyo mpaka wazee watakapoona imetosha, labda nikishapata mtoto.

Kwa hiyo baba mkwe wangu namjua kwa masikio tu. Kabla hajafika kona ya jiko anakohoa, "Hm! Hm!" na mimi huyoo, nimeshazama migombani.

Jumanne, 25 Februari

Mvua kutwa nzima. Nampenda.

Ijumaa, 28 Februari

Ambwene amekuja na karatasi ya manila. Wiki ijayo anawafundisha kidato cha tatu habari za neva, na anataka picha kubwa ya seli moja. Nimeichora mimi, maana mkono wangu umezoea kuchora nakshi za vyungu. Ajabu ya umbo lake! Ni kama mche uliong'olewa na mafuriko: mizizi juu, shina refu jembamba, na vijizizi tena chini.

"Hapa ndipo habari zinaingia," akanionyesha mizizi ya juu. "Zinashuka na shina kama umeme mdogo. Huku mwisho hazigusi seli ya pili. Kuna kipengo. Seli inamwaga dawa kidogo, dawa inavuka, mwenzake anapata habari."

"Kwa hiyo hazigusani?"

"Hazigusani. Na kila seli inasikiliza wenzake maelfu. Hawa wanaiambia piga, wale wanaiambia tulia. Inajumlisha. Ikifika kiwango chake inapiga, isipofika inakaa kimya. Hakuna kupiga nusu."

"Kama mimi nilivyokukubali."

"Wewe ulinikataa mara tatu!"

"Nilikuwa najumlisha."

Alicheka mpaka akapindua wino. Nikamuuliza kuhusu kikohozi cha Baba, kwamba miguu yangu inakimbia kabla sijajua nimesikia nini. Akasema ukigusa chungu cha moto, uti wa mgongo unaamua wenyewe na ubongo unaletewa taarifa baadaye. Hilo mtu huzaliwa nalo. Lakini kukimbia kikohozi ni jambo nililojifunza hapa hapa, ubongo umejichongea njia mpya ndani ya wiki chache.

"Basi nina akili sana," nikamwambia.

"Una mbio sana."

Nilimchapa na rula. Mwalimu mzuri kama huyu nimemtoa wapi mimi?

Alhamisi, 6 Machi

Nina jambo tamu la kuandika. Baba ameacha kukohoa!

Nilianza kuliona mwanzoni mwa wiki. Kile kikohozi chake kilikuwa kinanishtua mpaka naangusha mwiko, na nadhani Mama alimnong'oneza. Sasa hakohoi. Anaburuta mguu. Pa, kwaru. Pa, kwaru. Taratibu, tangu mbali, ili nipate nafasi ya kufunika sufuria, kujitanda kanga na kuondoka bila kukurupuka. Mzee mzima, mwenye shamba la mpunga na mikakao inayomngoja, anapoteza muda wake kuburuta mguu kwa ajili ya binti wa watu ambaye hajawahi hata kumwona uso.

Nilimsimulia Ambwene wakati tunakula. Aliweka tonge chini, akasema, "Baba yangu ni wa hivyo. Haongei, anatenda." Macho yalimlengalenga. Nikamshika mkono, ugali ukapoa.

Jumatatu, 10 Machi

Baba kapita asubuhi na jioni. Pa, kwaru. Nilimwombea baraka migombani.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja Shangazi Kisa kutoka Mbugani, dada mkubwa wa Baba, na mabegi ya kukaa mpaka mavuno. Nilipiga magoti kumsalimu, "Ugonile, Shangazi." Akanizunguka kama ananunua ng'ombe.

"Ndiye huyu wa ziwani? Mbona mwembamba? Kwenu samaki mnauza wote, hambakizi wa kula?"

"Tunakula, Shangazi."

"Basi ni mwanangu Ambwene anakuchosha." Wanawake wote wakaangua kicheko. Nilitamani kujifukia kwenye pumba.

Jioni tukipepeta mchele, Mama alimlalamikia Shangazi kwamba mzee siku hizi analala mchana, kichwa kinamgonga, na juzi alidai chai wakati kikombe alichomaliza kiko mbele yake. Shangazi akanitupia jicho.

"Kaka yangu hakuwa hivi kabla ya harusi."

Mama akajifanya hakusikia. Mimi nilisikia.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua, mvua, mvua. Inapiga bati mpaka sijisikii nikiwaza. Na katika kelele hizo natakiwa nisikie hatua za mtu mmoja! Leo nimekimbilia nje mara nyingi bure: mara ni mbuzi, mara ni tone kwenye ndoo. Nguo zimelowa zote. Sikai, nikikaa nasimama. Shangazi ananiita kuku wa kuatamia.

Ambwene anasema sikio linaleta kila kitu, kuchagua ni kazi ya ubongo. Ndiyo maana kwaya nzima ikiimba mimi naisikia sauti yake tu. (Kweli! Anaimba besi.) Lakini kuchagua kunachosha, na nimechoka.

Saa kumi mvua ilipopungua niliinua kichwa na Baba alikuwa ameshafika kwenye kona. Niliona kivuli chake ukutani. Nikageuka, nikaziba uso, nikangoja. Alipita polepole sana, na mguu ulikuwa unakwaruza zaidi ya jana.

Kumbe Shangazi alikuwa mlangoni. Alimwona Baba, akaniona na mimi. Akageuka, akaingia ndani. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwuliza Mama kama anausikia ule wema wa Baba.

"Wema upi?"

"Wa mguu, Mama. Anavyouburuta akipita kwangu."

"Mguu gani? Mzee anatembea kama siku zote."

Jioni nilimwambia Ambwene kwamba mama yake hasikii. Akaniuliza, "Blauzi uliyovaa, ulikuwa unaisikia mgongoni kabla sijaitaja?" Sikuwa naisikia. "Basi. Kitu kikiwa kile kile, seli zinaacha kupiga. Kikibadilika ghafla zinaamka. Kikibadilika kidogo kidogo, hazina habari. Mama amemsikia Baba miaka arobaini. Wewe ni mgeni, kwako kila kitu bado kinapiga kengele."

Nilipenda alivyosema, kengele. Lakini sasa siwezi kulala vizuri, na sijui kwa nini.

Jumamosi, 29 Machi



Leo nilikwenda mazoezi ya kwaya. Mto ulikuwa umejaa, kiongozi wetu hakuvuka, tukaahirisha. Nikarudi mapema kwa njia ya nyuma, kwa kuwa ile ya mbele imekuwa tope. Mama na Shangazi walikuwa shambani kufukuza ndege, Ambwene shuleni kwenye masomo ya ziada. Uwanja ulikuwa mtupu. Hakuna aliyejua nimerudi.

Nilikuwa nyuma ya ghala, nasugua miguu kwenye nyasi, nikasikia pa, kwaru. Pa, kwaru. Baba anakwenda kisimani.

Kwanza nikafurahi kama kawaida. Halafu nikaacha kusugua miguu. Anamburutia nani? Mimi nipo kwaya. Kila mtu anajua Jumamosi nipo kwaya. Jiko limefungwa, hakuna moshi, hakuna mkamwana wa kuonywa.

Pa, kwaru. Mguu ukagonga ndoo, ndoo ikabingirika. Halafu nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mvivu: "Inuka, gwe. Inuka, wewe."

Alikuwa anausemesha mguu wake.

Haukuwa wema. Ulikuwa ugonjwa, na mimi nimeushukuru karibu mwezi mzima.

Jumapili, 30 Machi

Tumegombana. Ugomvi wetu wa kwanza! Nilidhani ugomvi wa kwanza ungekuwa juu ya chumvi.

Nilimweleza yote. Akasema Baba ana miaka sabini na miwili, amelima matope maisha yake yote, magoti yanachakaa. Nikasema si magoti, ni mguu mmoja tu, wa kushoto. Na kikohozi je, mbona amekisahau? Na usingizi? Na chai?

"Mimi namwona kila siku, Yunis. Tunakaa barazani, tunaongea, yuko sawa."

"Unamwona amekaa! Akitembea wewe uko shuleni."

"Na wewe humwoni kabisa."

"Ndiyo maana namsikia!"

Nilipandisha sauti. Akaniomba niishushe, Shangazi asisikie kwamba mkamwana anachunguza hatua za baba mkwe. Hapo nikaelewa kinachomwogopesha. Nililia, akanifuta machozi kwa shati lake, lakini hakusema kwamba ananiamini.

Jumanne, 1 Aprili

Kimya. Mvua. Wali uliungua.

Ijumaa, 4 Aprili

Sikumwomba tena aniamini. Nilimwomba anisaidie kukuna nazi.

Alikaa kwenye kigoda changu, mgongo ukiwa ukutani, mahali pangu pale pale. Nikamwambia afumbe macho. Akadhani nataka kumbusu, akachezesha midomo. Ewe mume! Nikamziba macho kwa viganja vyangu.

Tukangoja. Mvua ilikuwa imekatika, migomba inadondosha maji. Kisha ikaja. Pa, kwaru. Pa, kwaru.

Nilitoka haraka kushika njia yangu, yeye akabaki amefumba. Niliporudi Baba alikuwa ameshapita, na Ambwene bado yuko vile vile. Kifuu kilikuwa kimemdondoka, nazi iliyokunwa imetapakaa miguuni.

"Huyo alikuwa nani?" akaniuliza.

"Baba yako."

"Nikimtazama namwona Baba," akasema polepole. "Macho yananimalizia kila kitu. Nimefumba, nimesikia mzee mgonjwa anapita."

Akasimama, akaichukua ile picha niliyochora, imekunjwa nyuma ya kabati. Akanionyesha kwa kidole kwamba njia zinazoinua mguu wa kushoto zinaanzia upande wa kulia wa ubongo, zinashuka, zinavukana shingoni. Habari inatoka juu, mguu unaipokea pungufu. Mguu ni mzima, ila haupewi habari yake. Kuna kitu huko juu upande wa kulia.

Alikuwa anafundisha, maskini. Ndivyo anavyofanya akiogopa. Nikamshika kichwa kifuani kwangu.

Jumapili, 6 Aprili

Ambwene alizungumza na Baba barazani. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia jibu: "Mguu ni baridi tu. Nikivuna nitapumzika." Na akacheka. Cheko lake nalo limekuwa refu, linakawia kuisha.

Jumatano, 9 Aprili

Mama ameanza kusikia. Alikuja jikoni, akakaa, akafumba macho bila mimi kumwambia. Baba alipopita, Mama akashika shavu. "Mwanangu," akasema, "nimelala pembeni ya huyu mtu kila siku." Nikamwambia yale ya blauzi. Hayakumsaidia sana.

Lakini alikwenda kusema, na Baba akamjibu yale yale ya baridi. Sauti mbili sasa. Kiwango cha mzee huyu kiko wapi, Mungu wangu?

Ijumaa, 11 Aprili

Imetoka leo.

Tulikuwa tunachambua kakao, Mama, Shangazi na mimi. Mama akasema mzee apelekwe Mbeya. Shangazi akatupa mbegu alizoshika.

"Kumpeleka ni sawa. Lakini tusidanganyane. Huyu binti amemtazama mkwewe. Nilimwona kwa macho yangu siku ile ya mvua. Wa ziwani hawajui adabu, ndipo mguu wa kaka ulipokufa."

"Shangazi, nilikuwa nimeziba uso. Niliona kivuli tu."

"Kivuli ni cha nani? Cha mbuzi?"

Ninalolijua ni la seli na la njia zinazovukana, na yeye ana njia yake moja tu. Mama alisema, "Wifi, inatosha." Lakini hakuniangalia, na hilo limeniuma kuliko maneno.

Na kama wakiamini hivyo? Wataita wazee waongee siku nzima, watanirudisha Ikombe kungoja, na huku mguu unakwaruza. Nimezunguka uwanja mpaka Ambwene akanikamata mkono.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikuwa jikoni. Shangazi na Baba walikuwa barazani wanakunywa chai, na maneno yao yalinifikia wazi. Nikasikia chombo kikipasuka.

"Kaka, kikombe."

"Kikombe gani?"

"Kilichokuwa mkononi mwako."

"Mbona ninacho."

Shangazi akasema, na sauti yake haikuwa ya Shangazi tena, "Kaka, angalia mkono wako wa kushoto." "Angalia. Umeshika hewa."

Halafu akapiga kelele kumwita Ambwene, na zile kelele zilikuwa amri. "Tafuta gari! Leo hii! Na wewe nyanyuka, mimi nilikubeba mgongoni kabla hujaota meno, hutanibishia." Baba hakubisha. Sauti ya tatu ilitosha.

Barabara ilikuwa na maji kwenye daraja dogo, gari likakataa kuja mpaka kesho asubuhi. Tumefunga mizigo. Ambwene anasema na mimi nitakwenda. Mama naye amesema. Shangazi alinitazama, akafunga kanga yake, akafungua, akasema, "Aende. Ndiye aliyekuwa anasikia."

Jumanne, 15 Aprili, Mbeya

Baba alikaa mbele, mimi nyuma kabisa, kanga usoni, kupanda milima ya Tukuyu hadi huku kwenye baridi. Kila gari lilipoyumba nilikiona kisogo chake kikilala kushoto. Nilifumba macho. Nisamehewe, kisogo nimekiona.

Hospitali walimlaza nyuma ya pazia la kijani. Mama na Ambwene walikuwa ndani naye, mimi nje ya pazia kwenye benchi. Akaja daktari, mama mmoja mfupi, si wa huku. Akaanza kuuliza, na kila swali Mama akajibu, "Sijui, daktari, labda wiki iliyopita." Ambwene akasema, "Aliyefuatilia ni mke wangu."

Daktari akanijia. "Mgonjwa anaitwa nani?"

Nikatazama sakafu.

"Dada, jina la mgonjwa."

"Siwezi kulitaja."

"Hulijui?"

"Nalijua vizuri sana."

Nesi mmoja akacheka mpaka akashika ukuta. "Daktari, huyo ni mkwewe. Hata umchape hasemi."

Daktari akatikisa kichwa, akaniambia basi nisimulie bila jina. Nikasimulia. Na Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anasikia kila neno; sijawahi kuongea mahali anaponisikia. Sauti ilinitoka kama ya panya. Nikaeleza kikohozi kilivyokoma kabla ya mguu kuanza. Kwamba mwanzoni ulikwaruza jioni tu, akitoka shambani, halafu asubuhi pia, halafu kila hatua. Kwamba tangu mwisho wa Machi haukwaruzi tu, unagonga vitu.

"Unajuaje ni wa kushoto na humwangalii?"

"Akienda kisimani unakwaruza karibu na ukuta wangu. Akirudi unakwaruza mbali, upande wa migomba."

Daktari aliacha kuandika. Akaingia ndani, nikamsikia akimwambia Baba anyooshe mikono yote miwili mbele na afumbe macho. Baadaye Mama aliniambia mkono wa kushoto ulishuka wenyewe kama jani linalonyauka, na mzee alikuwa ametabasamu, anadhani ameunyoosha.

"Amegonga kichwa miezi hii?" daktari akauliza.

"Hapana," Mama akasema. Halafu akasema, "Mungu wangu." Wiki ya harusi yetu Baba aliinuka ghafla chini ya boriti ya stoo ya kakao, akaigonga kwa kichwa. Alijifunga kitambaa, akacheka, wageni walikuwa wengi, likasahaulika.

Picha ya kichwa ilionyesha damu. Imevilia kati ya fuvu na ubongo, upande wa kulia, imeongezeka kidogo kidogo majuma yote haya. Daktari alisema seli zenyewe hazijafa, zimebanwa, ndiyo maana habari zinatoka nusunusu. Kesho watatoboa fuvu na kuitoa. Tungechelewa, ingebana mpaka sehemu inayoendesha pumzi.

Alipoondoka nikabaki kwenye benchi langu, wao kule ndani. Kisha pazia likasema, "Mama Ambwene."

"Abee."

"Anayeongea hapo nje ni nani?"

"Ni mkamwana wako."

Kitanda kikalia.

"Nimekuwa kama mtu aliyetembea uchi wiki zote hizi," Baba akasema. "Kumbe kuna aliyekuwa ananisikia." Akapumua. "Mwambie, ndaga. Namshukuru."

Nilijibu kwa kuzungumza na ukuta: "Mwambieni Baba, ndaga na kwake pia." Na hapo nikalia kwa sauti, hospitali nzima ikanisikia.

Jumatano, 16 Aprili

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Nilitembea ukumbi huo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ambwene alikuwa anachora seli kwenye kiganja changu kwa kalamu, moja, ya pili, ya tatu, akiacha vipengo katikati. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nilimwambia, vipengo vyote hivi na bado habari zinavuka.

Saa nane daktari alitoka. Damu ilikuwa nyeusi kama mafuta ya gari, imetoka, na ubongo umeanza kuinuka. Ambwene alichuchumaa chini kabisa sakafuni. Mume wangu mrefu!

Jumamosi, 26 Aprili

Tuko nyumbani. Pasaka tuliila hospitali. Daktari ametuonya kwamba damu inaweza kurudi ndani ya wiki hizi. "Msisubiri kikombe. Mguu utasema mapema, nyie mnaoishi naye mtajua kabla yangu."

Shangazi amenipikia samaki, mbasa, kwa nazi. Hajaomba radhi. Amenipa kichwa cha samaki, kipande cha heshima.

Jumapili, 11 Mei

Pa, pa. Pa, pa! Safi! Na kwenye kona, "Hm! Hm!" Nimekimbia nikicheka, nimejikwaa kwenye mgomba.

Alhamisi, 22 Mei

Mpunga unavunwa. Jua, vumbi, makapi masikioni. Nilikuwa jikoni na Shangazi, akaniambia, "Mkweo ameshapita na maji yake."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ulihama njia vizuri tu, ukarudi."

Ni kweli, mikono yangu ilikuwa na majani ya mgomba. Nilitoka, nilirudi, na sikumbuki hatua moja. Sikuusikiliza mguu. Masikio yangu yameshaanza kuwa ya Mama, ya mwenyeji, na nusu yangu imefurahi: nimekuwa mtu wa hapa! Nusu nyingine imeganda. Ukianza tena kidogo kidogo, nani atajua?

Ambwene anasema ndivyo ubongo ulivyo, sikufanya kosa. Sitaki ubongo wangu uwe ulivyo.

Jumamosi, 24 Mei

Nimehamisha kigoda. Jana nilipepetea nyuma ya ghala, leo karibu na kisima upande wa chini, kesho nitakaa chini ya uchaga wa kakao. Mahali pakiwa papya, masikio yanakuwa mapya. Shangazi anasema nimerudi kuwa kuku.

Saa tisa nilikuwa nimeshahamia nyuma ya ukuta wa stoo. Baba alipita upande wa pili, na wakati huo huo mashine ya kukoboa ya jirani ikaunguruma, ikameza hatua zake. Nilisimama na ungo mkononi. Mama alikuwa kati yetu, kwenye kona, anatuona wote wawili.

Baba akasimama, akapaza sauti. "Mama Ambwene, mwulize huyo mtoto mbona anahamahama."

Mama akaniuliza. Nikasema, "Mwambieni Baba, mashine imeniharibia. Sikuusikia mguu."

Mama akampa habari. Mashine ikazimwa. Kunguru mmoja akalia juu ya bati. Nikadhani nimemkosea mzee.

Kisha nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Baba akageuka, akarudi mpaka kisimani, na akaanza kuja tena, bila haraka, karibu kabisa na ukuta wangu. Nikafumba macho.

Pa, pa. Pa, pa. Pa, pa.